Mbele ya kutia mukono: haki za mutumikaji wa mugodi, na saa ya kutafuta avoka

Walifika wawili ku bureau yetu, bwana na bibi yake, na mufuko wa plastiki wenye kujaa makaratasi. Bwana ni shoferi wa benne. Alitumika miaka mine na miezi michache ndani ya mugodi mumoja pembeni ya Kolwezi, lakini mukubwa wake hakuwa sosyete yenye mugodi. Ni kampuni ndogo yenye kuleta watumikaji, ile yenye sisi wote tunaita sous-traitant. Kila miezi sita walimupa kontra mpya, yeye anatia mukono, kazi inaendelea. Benne ileile, shimo lilelile, shefu uleule.

Siku moja asubuhi wakamuita ku ressources humaines. Kwenye meza kulikuwa karatasi mbili na enveloppe.

« Baba, contrat yako imeisha. Sinye hapa, utapata makuta yako leo-leo. »

Akauliza kama anaweza kwenda nayo ku nyumba, asome na mama. Wakamujibu: « Ukikatala, utatoka mikono mitupu. »

Hakutia mukono. Si kwa sababu alijua sheria. Ni kwa sababu bibi yake alikuwa amemukataza zamani: « Usisinye kintu chenye hatuyasoma siye bote. » Mwenzake, wa ekipe yake mwenyewe, alitia mukono siku ileile, kwa sababu watoto walikuwa wamefukuzwa ku masomo juu ya minerval. Hatumuhukumu. Lakini njia za hawa watu wawili zilitengana pale ku meza, na ndiyo maana tunaandika habari hii.

Kila juma tunapokea maulizo ya namna hii: kutoka Kolwezi, Likasi, Fungurume, Kambove, Kipushi. Watu wanauliza: niko na haki gani? Niende ku Inspection ao niende kwa avoka? Avoka atanikulia makuta yote? Tuliuliza wale wenye kujua, tukafungua buku la sheria, na hapa tunaeleza kwa luga yetu.

Sheria yenyewe ni gani

Sheria kubwa ya kazi katika Kongo ni Code du travail, ao sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10, mwaka wa 2002. Iligeuzwa kidogo katika mwaka wa 2016. Inalinda kila mutumikaji mwenye kutumika chini ya amri ya mukubwa na kulipwa naye. Inamulinda hata kama mukubwa ni sosyete ya inchi ya kigeni, na hata kama kontra imeandikwa kwa luga yenye hausomi. Kontra haiwezi kukupa chini ya kile sheria inakupa. Inaweza tu kuongeza.

Creuseur mwenye kuchimba na kuuzisha mwenyewe ku depo si mutumikaji kwa maana ya sheria hii; mambo yake yanafuata sheria ya migodi na kooperative. Lakini kijana mwenye kuajiriwa na mutu na kulipwa kwa siku ni mutumikaji, hata kama hana karatasi hata moja.

Na hapa kuko jambo la kwanza lenye watu wengi hawajui. Sheria inasema kontra iandikwe. Kama mukubwa hakuandika, hasara ni yake, si yako: kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya bila mwisho, mpaka yeye aonyeshe kinyume. Na wewe unaweza kuonyesha kazi yako kwa kila njia: mashahidi, beji, foto, mesaji za shefu ndani ya telefone, alama za malipo.

« Contrat imeisha »: imeisha kweli?

Neno hili ndilo linafukuza watu wengi zaidi kwenye migodi yetu. Katika mwaka wa 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti. Walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watumikaji wake walikuwa wanapita ku njia ya sous-traitance. Ni watu wenye kontra fupi-fupi, na kila mwisho wa kontra ni woga mupya ndani ya nyumba.

Sasa sikilizeni vizuri. Kontra yenye tarehe ya mwisho haiwezi kupita miaka miwili. Kwa mutumikaji mwenye ndoa anayewekwa mbali na jamaa yake, haiwezi kupita mwaka mumoja. Tena, mukubwa hawezi kuirudilia zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za namna fulani kama zile za musimu. Na kama kazi yenyewe ni ya siku zote ndani ya kampuni, kontra ilipaswa kuwa ya bila mwisho tangu mwanzo. Mukubwa akipita mipaka hii, sheria haiangalii tena kile kimeandikwa juu ya karatasi. Inakuhesabu kama mutumikaji wa kontra ya bila mwisho.

Kwa ndugu wa kazi ya siku kwa siku, kuko hesabu nyepesi ya kukumbuka: 22. Kama ndani ya miezi miwili umekwisha kutumika siku 22, na mukubwa akakuita tena mbele ile miezi miwili haijaisha, kontra yako inakuwa ya bila mwisho. Andika siku zako ndani ya kayé, tarehe kwa tarehe, na jina la shefu wa siku ile.

Shoferi wetu alikuwa na kontra nane za miezi sita. Bibi yake alizitunza zote. Fanya hesabu mwenyewe.

Kufukuzwa kuko na kanuni

Mukubwa anaweza kuachisha mutumikaji wa kontra ya bila mwisho, lakini sharti awe na sababu ya kweli: uwezo wako, mwenendo wako ku kazi, ao mahitaji ya kampuni. Na ile sababu aiandike ndani ya barua. « Rudi ku nyumba, tutakupigia simu » si barua. Kuingia ndani ya sendika si sababu. Kupeleka malalamiko juu ya mukubwa si sababu. Mimba si sababu, na kongé ya uzazi si sababu: mama ana haki ya juma 14, kwa theluthi mbili za malipo yake. Mama zetu wa kantini na wa usafi ndani ya kambi, haki hii ni yenu vilevile.

Kuko pia préavis, ni kusema siku za kuonywa mbele. Kwa mutumikaji wa kawaida ni siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi juu yake kwa kila mwaka muzima. Mwenye miaka mine mizima ana 14 na 28, jumla siku 42 za kazi. Kama hawataki utumike zile siku, wazilipe. Mutu mwenye kupata dolari 15 kwa siku, préavis yake peke yake inafika dolari 630. Juu yake waongeze siku za kongé zenye haukukamata na malipo ya siku ulizotumika. Sasa, mutu akikuonyesha enveloppe ya 300 na kusema « yote iko humu », unajua cha kujibu. Tena kiasi hiki ni cha chini: convention collective ya kampuni inaweza kuwa bora kuliko sheria, kwa hiyo uliza délégué wako.

Kama zuzi anaona kwamba kufukuzwa hakukuwa na sababu, anaweza kuamuru urudishwe ku kazi, ao ulipwe madamaje. Haya madamaje hayapiti malipo ya miezi 36. Si kusema kila mutu atapata 36. Zuzi anaangalia kazi ulikuwa unafanya, miaka uliyotumika, umri wako, na namna ulivyofukuzwa.

« Faute lourde »: neno la kuogopa

Ndani ya migodi neno hili linaenda pamoja na neno lingine: wizi. Mafuta ya benne, waya wa shaba, mifuko ya madini. Ikiwa kosa ni kubwa kweli, mukubwa anaweza kukufukuza bila préavis. Lakini hata pale kuko masaa: sharti akuandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua lile jambo. Akitaka kuchunguza kwanza, anaweza kukusimamisha kwa barua ndani ya siku mbili za kazi. Kosa la miezi sita iliyopita haliwezi kufufuka leo tu kwa sababu umeanza kuuliza juu ya masaa ya ziada.

Basi tunza barua zote, na andika tarehe uliyozipokea. Ukiombwa kuandika « explication », andika mambo uliyoona kwa macho yako, kwa maneno mafupi, na ubaki na kopi. Usikubali kosa la mutu mwingine ili « mambo iishe ». Haiishi. Inaenda ku parquet.

Kwanza Inspection, kisha tribinali

Watu wengi wanafikiri kwamba ukiwa na avoka unaruka moja kwa moja ku tribinali. Hapana. Sheria inasema mashitaki ya mutumikaji mumoja na mukubwa wake hayapokelewi ku tribinali ya kazi kama hayakupitia kwanza kwa inspecteur du travail kwa mapatano. Unaweza kwenda mwenyewe, kwa barua ao kwa kinywa. Inspecteur anaita pande zote mbili. Kama munapatana, anaandika procès-verbal, na maneno yake yanawafunga wote wawili. Kama hamupatani, ao mukubwa anakatala kuja, anaandika karatasi ya kusema hivyo, na ile karatasi ndiyo mulango wa tribinali. Usiilalishe ndani ya sanduku.

Yule mwenzake wa shoferi wetu alifika mpaka pale. Miezi miwili kisha kutia mukono ku kampuni, aliona kwamba makuta haikutosha, akaenda ku Inspection peke yake. Kampuni ikaongeza kidogo. Alikuwa na deni, akakubali, akatia mukono juu ya procès-verbal ya mapatano bila kusoma mustari wa kusema hataomba tena kitu chochote. Leo anajua kwamba kontra zake zilikuwa zimepita mupaka wa sheria. Avoka aliyemuona kisha alimuambia kwa upole: « Papa, ungekuja juma moja mbele. »

Hakuna mutu alimudanganya kwa maneno. Hakuuliza tu, na hakuna mutu alimuambia.

Kumbukeni pia kalenda. Malipo yasiyolipwa yanadaiwa ndani ya mwaka mumoja tangu siku yalipopaswa kulipwa. Mambo mengine mengi ya kontra yanadaiwa ndani ya miaka mitatu. Kisha pale mulango unafungwa, hata kama haki ilikuwa yako. Wazee wetu waliotoka Gécamines kwa « départ volontaire » mu mwaka wa 2003 na 2004, zaidi ya watu 10,000, wanajua uzito wa kutia mukono na uzito wa miaka yenye kupita. Waulizeni, wako wangali ndani ya cité zetu.

Saa gani kutafuta avoka

Si kila jambo linahitaji avoka. Siku moja imekosa ku bulletin de paie, kongé imechelewa, hawajakupa attestation ya kazi: anza na délégué wa sendika, kisha Inspection. Mara nyingi barua moja yenye heshima na tarehe inatosha. Lakini kuko masaa ambapo kungoja ni hasara:

Moja: kama jina lako limepelekwa ku polisi ao ku parquet. Hapa si mambo ya kazi tena peke yake, ni mambo ya buloko. Tafuta avoka mbele ya kujibu, na usitie mukono juu ya maneno yenye haukusema.

Mbili: kama wanakupa karatasi ya kumaliza kila kitu, na makuta juu yake, ku kampuni ao ku Inspection. Saa moja ya avoka mbele ya kutia mukono inaweza kulipa kuliko mwaka muzima wa mashitaki kisha.

Tatu: aksida ya kazi yenye kuacha kilema, ao kifo. Mukubwa sharti aitangaze kwa CNSS, na matunzo yalipwe. Kama umelala ku lopitali juu ya aksida ya kazi, zile siku si sababu ya kukufukuza. Jamaa ya marehemu inakuwa na haki zake, na wajane wengi wanapoteza kwa sababu walipokea pesa ya kilio na kutia mukono pamoja.

Ine: kama kampuni imebadilisha jina, imefunga, ao sous-traitant amekimbia. Hapa sharti mutu mwenye kujua sheria aangalie nani wa kushitaki, na kama sosyete kubwa inaweza kuitwa pia.

Tano: kama délégué wa sendika amefukuzwa. Sheria inakataza kumufukuza bila ruhusa ya inspecteur.

Sita: kama mumefukuzwa wengi kwa pamoja. Kufukuza wengi kuko na kanuni zake, na avoka mumoja kwa watu makumi mbili anakuwa bei nafuu kuliko kila mutu na wake.

Namna ya kuchagua, na bei

Avoka wa kweli ameandikwa ku barreau. Ku Lubumbashi na ku Kolwezi unaweza kwenda ku bureau ya barreau na kuuliza kama jina lake liko. Yule kijana mwenye kusimama ku mulango wa tribinali na kusema « leta dolari 50, nitakupangia na zuzi » si avoka, na makuta yako haitarudi.

Kwa asiye na uwezo, kila barreau iko na bureau ya maulizo ya bure, bureau de consultations gratuites. Huko unaweza kusikilizwa, na ukionyesha kwamba hauna uwezo, unaweza kupewa avoka bila kulipa. Ulizeni pia mashirika ya kutetea watumikaji na sendika yenu. Ku tribinali ya kazi si sharti kuwa na avoka. Hata mutu wa sendika anaweza kusimama pamoja nawe. Lakini kampuni itakuja na Maître wake, tena si mumoja. Pima.

Ukifika kwa avoka, usione haya. Muulize: Maître, kesi yangu iko na nguvu ao hapana? Itakamata muda gani? Utaniomba bei gani sasa, na gani kwa mwisho? Tukishindwa, nitadaiwa nini? Mapatano ya bei yaandikwe, na kila franka unayotoa upewe risiti. Avoka mwenye kukuahidi ushindi siku ya kwanza, mukimbie. Mwenye kukuambia « hapa uko na haki, hapa hauna », kaa naye.

Sanduku la mama

Ile siku ya kwanza ku bureau yetu, tulimwanga yale makaratasi juu ya meza. Kontra nane. Bulletin de paie karibu zote. Mbili tu zilikosa. Beji ya zamani. Karatasi ya munganga. Barua ya kongé. Mama alizitunza chini ya nguo za watoto kwa sababu, kama alivyosema, « makuta inaisha, lakini mukanda inabakia ».

Avoka wa bure aliyewapokea alisema hakuwa na kazi kubwa ya kufanya kwanza. Mama alikuwa amekwisha kuifanya. Ku Inspection kampuni haikuja mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuja, ikatoa kiasi, Maître akakifanyia hesabu mbele ya wote, hawakupatana. Leo mambo iko ku tribinali. Hatuwezi kuwaambia kwamba watashinda. Bwana anaendesha taxi ya mutu mwingine, mama anauzisha mukate asubuhi, na minerval ya mutoto mukubwa haijalipwa yote. Kukatala enveloppe iliwagharimu, tusifiche. Lakini mulango wao ungali wazi.

Basi leo jioni, mbele ya kulala, fanyeni jambo moja. Kusanyeni mukanda yote ya kazi pahali pamoja: kontra, bulletin, beji, barua, mukanda ya lopitali, ya CNSS. Pigeni foto kwa telefone na tumeni kwa mutu mwingine wa jamaa, kwa sababu telefone inaibiwa na nyumba inavuja. Bwana amuonyeshe bibi pahali ziko, na bibi amuonyeshe mutoto mukubwa. Na siku wakisukuma karatasi mbele yenu wakisema « sinye sasa », jibuni kwa heshima: « Nipeni kopi, nitaileta kesho. » Wakilazimisha, na njaa ikiwa na nguvu kuliko ninyi, andikeni juu ya mukono wenu maneno haya ya Kifaransa: « sous réserve de tous mes droits ». Ni kusema: napokea makuta, lakini siuzishi haki yangu.

Kisha kukicha, nendeni mukaulize mwenye kujua, mbele ya siku kupita.